Kikombe na Jina la Shamba

Anayesubiri pantoni pale Feri huona meli kwa karibu. Mlango wa bandari yetu ni mwembamba, na kila meli inayoingia Dar es Salaam hulazimika kupita kati ya Magogoni na Kigamboni, karibu kiasi kwamba mtu aliyesimama na ndoo yake ya samaki anaweza kusoma jina lililoandikwa ubavuni. Ndani ya makontena yale mna matairi, vigae, mitumba, vipuri vya magari. Katika machache mna divai nyekundu kutoka Italia, inayokwenda kwenye hoteli kubwa na maduka ya wenye uwezo. Chupa hizo hupita mbele ya macho yetu nasi hatuzioni. Baadhi yake zina lebo yenye jina la mtengenezaji, mwaka wa mavuno, jina la kijiji, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la shamba moja tu la mizabibu ambamo zabibu zote za chupa ile zilichumwa.

Insha hii inahusu jina hilo dogo. Tunajua wako wapendwa watakaoshangaa kuona mchungaji anaandika juu ya divai ya Waitaliano katika kitabu cha imani. Tunawaomba watuvumilie, maana swali lilianzia madhabahuni.

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja wa mjini tuliowahi kuutumikia, divai ya Meza ya Bwana iliisha siku ya Jumamosi bila mtu kugundua hadi jioni. Mzee wa zamu alikimbilia Kariakoo kabla maduka hayajafungwa, akarudi na chupa nne. Zilikuwa nyekundu sana na bei ilikuwa nafuu. Jumapili tulizibariki, tukawagawia washarika. Baada ya ibada mama anayetunza vyombo alituita sakristia. Alikuwa ameshika kile kitambaa cheupe cha kufutia kikombe. Doa la divai tuliyoizoea huwa la zambarau, na yeye hulihangaikia kwa chumvi na limau kila wiki. Hili lilikuwa la waridi kama sharubati, na lilikuwa limetoka kwa maji matupu. Tukachukua chupa, tukasoma lebo kwa mara ya kwanza: maji, sukari, spiriti, rangi, ladha. Neno zabibu halikuwamo.

Hatutaki hapa kufungua mjadala wa kama washarika wale walipokea sakramenti au hawakupokea. Huruma ya Bwana haifungwi na duka la mtaani. Lakini mama yule aliuliza jambo ambalo hatukuweza kulijibu. Alisema, “Mchungaji, haya, hii ni ya uongo. Na ile nyingine tunayonunua siku zote, ya kweli, inatoka shamba gani?”

Tulikuwa tumesoma Makumira, tukafanya mtihani juu ya Chakula cha Bwana. Shamba hatukulijua.

Washarika wengi wanajua kwamba sisi Walutheri hupokea mkate na kikombe. Wachache wanakumbuka kwamba kikombe hicho kilipotea mikononi mwa waumini wa kawaida, kikarudishwa kwa gharama. Katika Kanisa la Magharibi desturi ya kuwapa walei mkate peke yake ilienea karne baada ya karne. Wafuasi wa Jan Hus huko Bohemia walipoanza kuwanywesha watu wote, Mtaguso wa Konstanz uliwakataza, mwaka 1415. Mwaka huohuo, tarehe 6 Julai, Hus mwenyewe alichomwa moto. Watu wa Bohemia walikishika kikombe hata kikawa alama ya bendera zao, wakakipigania vitani. Miaka mia moja na zaidi baadaye, siku ya Krismasi ya mwaka 1521, Karlstadt aliwapa watu wa Wittenberg mkate na divai pamoja. Luther, aliporudi kutoka mafichoni mwezi Machi uliofuata, aliona watu wamesukumwa kabla ya kufundishwa, akawarudisha nyuma kidogo ili wafike kwa kuelewa. Alichopinga ni haraka ile. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lina kifungu kizima juu ya mkate na kikombe kwa wote.

Kwa hiyo kikombe kwetu ni jambo la urithi. Wamisionari wa Kijerumani walipofika Dar es Salaam mwaka 1887, na walipoanza kulijenga mwaka 1898 kanisa lile la ufukweni tunaloliita leo Azania Front, mwendo mfupi tu kutoka Feri, walikileta kikombe pamoja na katekisimu. Mizabibu hawakuwa nayo. Pwani yetu ina minazi na miembe; divai ilipaswa kuvuka bahari. Hata neno mvinyo tulilipokea kutoka kwa Wareno, kutokana na vinho yao, karne nyingi kabla ya Mlutheri yeyote kuiona bandari hii. Tangu mwanzo, basi, watu wa pwani walizoea kuiona divai kama kitu kinachotoka ng'ambo ndani ya chupa, kisicho na mkulima.

Huko ng'ambo kwenyewe pia mkulima alikuwa amefichwa, na hapa ndipo tunapofika kaskazini-magharibi mwa Italia, jimbo la Piemonte, kwenye vilima vya Langhe karibu na mji wa Alba. Huko hulimwa zabibu iitwayo Nebbiolo, ambayo wengi husema jina lake limetokana na ukungu, nebbia, unaofunika mabonde wakati wa mavuno mwezi Oktoba. Kutokana nayo hutoka divai mbili mashuhuri, Barolo na Barbaresco, zote zikiitwa kwa majina ya vijiji. Rangi yake si nzito. Ikikaa miaka huelekea rangi ya tofali. Mzee wetu wa zamu angeiona dukani angesema imechujwa na maji.

Katika vilima vile hali ya udongo na jua hubadilika kwa hatua chache. Upande unaotazama kusini hupata jua refu, nao kwa lugha ya kienyeji huitwa sorì. Wakulima wa zamani walikuwa na kipimo chao: waliangalia theluji inayeyuka wapi kwanza mwishoni mwa baridi, wakajua hapo ndipo pa kupanda Nebbiolo. Kila kipande kilikuwa na jina, kama vile sisi tunavyotaja kule kwenye mbuyu au kule kwa marehemu fulani. Majina hayo ni ya kale. Katika mji wa Bra ipo chupa iliyohifadhiwa na familia moja, imeandikwa Cannubi, jina la kilima kimoja cha Barolo, na mwaka 1752.

Lakini kwa muda mrefu majina hayo yaliishia kinywani mwa wakulima. Familia zilikuwa na vishamba vidogo, hazikuwa na mapipa wala ghala la chini ya ardhi. Zabibu zilipoiva zilipakiwa kwenye mkokoteni hadi sokoni Alba, na huko walikuwapo madalali wa wafanyabiashara wakubwa. Yeyote aliyewahi kushuhudia mnada wa samaki pale Feri anaielewa habari hii bila kufafanuliwa. Samaki hangoji. Asubuhi mvuvi ana sauti. Jua likipanda na barafu ikiyeyuka, sauti inahamia kwa mnunuzi. Zabibu nazo hazingoji. Zikishachumwa huanza kuchacha zenyewe, na mkulima hawezi kuzirudisha nyumbani jioni. Mfanyabiashara alizinunua kwa bei ya jioni, akazichanganya za kilima hiki na za kile, akaandika jina lake kwenye chupa.

Mwaka 1894 mtu mmoja msomi, Domizio Cavazza, mkuu wa chuo cha kilimo cha mizabibu na utengenezaji wa divai pale Alba, aliwakusanya wakulima tisa wa Barbaresco wakaanza kutengeneza divai yao pamoja. Chama hicho kilidumu kwa miaka kadhaa, kisha kikafa. Katika miaka ya 1920, chini ya utawala wa Mafashisti, milango yake ilifungwa. Vita ikapita. Umaskini ulibaki, na vijana wakaanza kuondoka vilimani kwenda kutafuta kazi kwenye viwanda vya magari mjini Torino. Shamba moja baada ya jingine likaachwa kwa wazee.

Ndipo akatokea padri wa parokia. Aliitwa Don Fiorino Marengo. Mwaka 1958 aliwaita wakulima wadogo kumi na tisa wa Barbaresco akawaambia kwamba peke yao watakwisha. Waliunda ushirika, Produttori del Barbaresco, na kwa kuwa hawakuwa na jengo, divai ya mavuno matatu ya kwanza walitengeneza kwenye chumba cha chini cha kanisa. Baadaye wakajenga ghala lao ng'ambo ya uwanja. Sharti la ushirika lilikuwa gumu, na bado lipo: mwanachama huleta Nebbiolo yake yote. Huwezi kuleta zilizoharibika ushirikani na nzuri ukamuuzia dalali kichochoroni.

Sisi tuliosimamia vikundi vya maendeleo vya usharika tunajua jinsi sharti kama hilo linavyovunjwa ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo tunamheshimu padri yule, ingawa hakuwa wa dhehebu letu.

Kilichofuata ndicho kilichotuvutia zaidi. Wafanyabiashara wachache wa Piemonte walikuwa wameanza, kuanzia mavuno ya mwaka 1961, kuweka divai ya shamba moja kwenye chupa yake na kuandika jina la shamba hilo kwenye lebo. Mtaalamu Beppe Colla alifanya hivyo kwa shamba la Bussia. Ushirika wa Barbaresco ulifuata kwa mavuno ya mwaka 1967. Leo una mashamba tisa ya namna hiyo: Asili, Rabajà, Pora, Ovello, Pajè, Montestefano, Montefico, Muncagota, Rio Sordo. Mwaka ukiwa mzuri, kila shamba hupata chupa zake, na majina ya familia zenye vipande katika shamba hilo huandikwa kwenye lebo. Mwaka ukiwa mbaya hakuna shamba linalotajwa. Zabibu zote huchanganywa katika divai moja ya kawaida ya ushirika, na wote hubeba hasara pamoja. Tulipolisoma jambo hili mara ya kwanza tulinyamaza kidogo. Kuna sharika zinazoweza kufurahi pamoja na kuna zinazoweza kubeba pamoja, lakini kuyafanya yote mawili kwa kanuni iliyoandikwa si jambo la kila siku.

Mwaka huohuo wa 1967, familia ya Gaja ya palepale Barbaresco ilitoa chupa iliyoandikwa Sorì San Lorenzo. Shamba lile walikuwa wamelinunua mwaka 1964 kutoka parokia ya Alba, na ndiyo maana lina jina la Mtakatifu Laurenti, msimamizi wa kanisa kuu la mji huo. Chupa yake siku hizi huuzwa kwa mamia ya dola. Hatusemi hivi kwa kuwasifu matajiri. Parokia iliuza shamba. Aliyelinunua akalitunza jina. Sisi wenye viwanja vya kanisa katikati ya jiji hili, ambavyo kila mwezi anakuja mtu na mkoba kutaka kuvinunua, tuna sababu ya kusimama hapo kidogo.

Katika Maandiko yupo mtu mwenye shamba moja la mizabibu ambaye jina lake halikufutika. Naboti wa Yezreeli, katika 1 Wafalme 21, alikuwa na shamba kando ya jumba la mfalme Ahabu. Mfalme hakuanza kwa ukatili. Alimpa mambo mawili ya kuchagua: shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha taslimu. Kibiashara ofa ile ilikuwa nzuri, na tumewahi kumsikia mhubiri mmoja akimlaumu Naboti kwa ukaidi. Lakini Naboti hakuwa na zabibu tu mahali pale. Alikuwa na urithi wa baba zake. Kwa Ahabu shamba lilikuwa eneo, karibu na nyumba, linalofaa kwa mboga. Kwa Naboti lilikuwa lile, na hakuna jingine lililo lile. Mtu mmoja akaona kipimo, mwingine akaona jina, na damu ikamwagika kati yao.

Waitaliano nao wamegombana juu ya majina, ingawa kwa njia ya mawakili. Kile kilima cha Cannubi kina hekta kumi na tano hivi ambazo wenyeji wengi walisema ndizo Cannubi halisi, na maeneo jirani ambayo wamiliki wake walitaka nao waandike Cannubi peke yake kwenye chupa. Shauri lilipanda hadi Baraza la Dola mjini Roma, na mwaka 2013 wakaruhusiwa. Jina la hekta kumi na tano likaenea juu ya zaidi ya thelathini. Jina likishakuwa na thamani, watu hulivuta kama shuka fupi.

Hata hivyo Piemonte ilikwisha kujifunza, kwa uchungu, gharama ya divai isiyo na shamba. Mwaka 1986 wafanyabiashara wa huko walitia methanoli katika divai ya bei rahisi ili kuiongezea ukali. Zaidi ya watu ishirini walikufa Italia, wengine wakapofuka. Ile haikuwa divai ya ushirika wa padri wala ya kilima chochote chenye jina. Ilikuwa divai ya matangi, imepita mikono mingi kiasi kwamba hakuna mnywaji aliyeweza kumtaja mchumaji. Tulipoisoma habari hiyo tulikumbuka zile chupa nne za Kariakoo, tukamshukuru Mungu kwamba mlikuwa na sukari na rangi tu.

Sasa turudi nyumbani, maana swali la mama yule lilikuwa la hapa. Kama mtu anataka divai yenye shamba, je, lazima angoje meli pale Feri? Anaweza kugeuka, akaelekea stesheni.

Dodoma ni nchi kavu. Iko juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, mvua yake ni milimita mia tano na kitu kwa mwaka, na kuanzia Mei hadi Novemba anga haina la kusema. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika huko mwaka 1910. Mwaka 1935 Roma iliunda eneo la kimisionari la Dodoma na kuliweka mikononi mwa mapadre Wapassionisti kutoka Italia; mmoja wao, Jeremiah Pesce, ndiye aliyekuwa askofu jimbo lilipoundwa mwaka 1953. Watu hawa walitoka katika nchi ambayo kila kijiji kina mizabibu. Waliuona ukame wa Ugogo, wakauona mchanga mwekundu, wakapanda. Misheni ya Bihawana, nje ya mji, ndiyo inayotajwa kama chimbuko: zabibu zililimwa pale kwa ajili ya divai ya misa. Baadaye wafungwa wa gereza la Isanga walipewa mizabibu kuitunza, na kutoka humo miche ikaanza kuingia katika mashamba ya wanavijiji.

Tunapenda mpangilio huo: kwanza madhabahu, kisha gereza, kisha wanavijiji.

Joto la Dodoma lina zawadi ambayo Piemonte haina. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja. Wa Dodoma, ukipogolewa kwa wakati wake, huzaa mara mbili kwa mwaka, mavuno ya Februari na Machi, na yale makubwa ya Agosti na Septemba. Kule Makutupora, kaskazini mwa mji, kipo kituo cha utafiti wa zabibu, na aina nyekundu inayolimwa sana huitwa kwa jina la mahali hapo, Makutupora. Kwa hiyo sisi nasi tuna jina la kijiji lililogeuka jina la zabibu. Ni Watanzania wangapi wanalijua?

Katika miaka ya ujamaa serikali ilikuwa na kampuni yake, Dowico, iliyonunua zabibu za wakulima na kutengeneza divai. Wazee wengi wa mjini hapa wanaikumbuka kutoka kwenye harusi zao. Ilipoanguka, wakulima walibaki na mizabibu bila mnunuzi, na wengine waling'oa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kingine kilianza Hombolo, tena kwa mikono ya Waitaliano, na viwanda vidogo vikafuata. Kilimo kikafufuka. Lakini kisa cha sokoni Alba nacho kikafufuka hapahapa. Mara kadhaa katika miaka hii tumesikia redioni na kusoma magazetini juu ya zabibu za Dodoma zinazooza shambani kwa kukosa mnunuzi, huku viwanda vikisema matangi yamejaa. Mkulima asiye na tangi ni mvuvi asiye na barafu.

Mama mtunza vyombo, inafaa tuseme sasa, ni Mgogo. Aliposhika kile kitambaa pale sakristia alikuwa amepigiwa simu wiki mbili kabla na kaka yake, ambaye alikuwa amewalisha mbuzi mavuno ya nusu ekari. Sisi hatukujua. Usharika ulikuwa umemtuma mzee Kariakoo kununua maji mekundu, na dada wa mwenye mizabibu alikuwa amekaa kwenye benchi la tatu.

Tunafahamu hoja zilizopo dhidi ya kuizungumzia divai kanisani. Wengi wetu ni watoto wa uamsho, wazazi wetu waliokoka kutoka kwenye pombe, na kuna nyumba ambazo chupa yoyote mezani ni kumbukumbu ya kipigo. Mtaani kwetu pia kuna vijana wanaomaliza siku kwa divai kali ya bei ya chini, na hakuna mchungaji wa Kariakoo anayeweza kuandika juu ya divai bila kuziona sura zao. Tumezika baadhi yao. Basi isomeke kwamba hatumwalikii mtu kunywa. Kuna sharika zilizochagua maji ya zabibu yasiyochacha kwa ajili ya ndugu waliotoka kwenye ulevi, nasi hatuwahukumu. Hata maji hayo yana shamba. Tunauliza juu ya kijiko kile kimoja ambacho Bwana mwenyewe aliamuru, na juu ya jasho lililomo ndani yake.

Tulipofanya kazi ya kutafuta, ilichukua miezi. Duka la kwanza lilituambia divai yao ni ya Dodoma, lakini halikujua zaidi ya hapo. Muuzaji wa jumla alituelekeza kiwandani. Kiwandani walituambia kwa uungwana kwamba zabibu za wakulima wote huingia tangi moja, kwa hiyo shamba haliwezi kutajwa. Tulikuwa tumefika palepale walipokuwa watu wa Barbaresco kabla ya mwaka 1958. Hatimaye mtengenezaji mdogo, mwenye mapipa machache, alikubali kututengea mavuno ya ndugu watatu wanaopakana, kaka yake mama akiwa mmoja. Ni ghali kidogo kuliko ya dukani. Baraza la wazee lilijadili nyongeza hiyo kwa saa nzima, muda mrefu kuliko lilivyowahi kujadili ubatizo.

Divai yenyewe, kusema kweli, si ya ajabu. Mavuno ya Machi yalikuwa makali, yanakwaruza koo, na mwinjilisti wetu alikunja uso mbele ya madhabahu hadi watoto wakacheka. Yale ya Septemba yalikuwa mazuri zaidi. Sasa husafirishwa kwa treni mpya hadi stesheni, na kijana wa kwaya huenda kuyapokea.

Katika sakristia kuna daftari ambalo kila Jumapili huandikwa idadi ya walioshiriki na idadi ya chupa zilizotumika. Mama amechora mstari kwa rula na kuongeza safu ya tatu, ameandika juu yake: Shamba. Safu hiyo ina majina matatu yanayojirudia, kwa mwandiko wake uliolala. Mwezi uliopita aliacha nafasi wazi kwa Jumapili mbili mfululizo, kwa sababu mzigo ulichelewa na tulinunua dukani. Tulimwambia aandike jina la duka. Alikataa.